Heshima Iliyomzika Kalolaine

Habari hii ni ya kila aliye na dada, na ya kila aliye na kaka. Isikilizeni mpaka mwisho, hata pale itakapouma.

Jumapili nyumbani kwa Lopeti, pale Māngere kusini mwa Auckland, New Zealand, ilikuwa siku ya raha. Watu walirudi kanisani, wakavua viatu mlangoni, na harufu ya chakula ikawapokea kabla ya mwenye nyumba. Temaleti, mke wa Lopeti, alikuwa fundi wa lu, yale majani ya magimbi yanayofungiwa nyama na tui la nazi, na tui lake lilikuwa zito mpaka wageni walilamba vidole bila kuangaliana usoni.

Kwenye kiti cha heshima alikaa Kalolaine, dada wa Lopeti. Kwa Watonga, watu wa visiwa vya Tonga, dada ni mkubwa kwa kaka yake siku zote. Akiingia sebuleni, kaka hutoka au hukaa mbali. Hawatazami televisheni pamoja, hawataniani mambo ya mwili, na nguo za ndani za dada hazianikwi pale kaka atakapopita. Kwa hiyo Lopeti alikula jikoni, na mazungumzo yao yalipitia kwa Temaleti.

"Temaleti," Kalolaine aliita, "huyo mumeo bado anakula, au ameanza kutafuna sahani?"

"Mwambie dada," Lopeti alijibu kutoka jikoni, "sahani nimemwachia yeye."

Watoto wakacheka. Kalolaine naye akacheka, kisha akachagua kipande kinono kuliko vyote, akakifunga kwenye jani, akampa mmoja wa wavulana wa Lopeti. "Mpelekee baba yako. Usiseme kimetoka kwangu." Mtoto hakusema, na Lopeti alijua. Ilikuwa hivyo tangu utoto wao kule kisiwani Vavaʻu. Mama yao alipofariki, Kalolaine aliacha shule ili amlee mdogo wake, akamfulia sare kila jioni na kuikausha juu ya moto. Mama alikufa na nini? Watu walisema ni ugonjwa wa ndani. Hakuna aliyeuliza ndani wapi.

Mtu wa tatu katika habari hii ni Luseane, binti pekee wa Kalolaine, aliyefanya kazi benki. Yeye alikuwa fahu wa Lopeti, yaani mtoto wa dada, ambaye mila humruhusu kuingia kwa mjomba, kuchukua atakacho na kusema atakalo. Alikuwa akiokota funguo za gari la Lopeti mezani huku akisema, "Mjomba, leo utatembea, ni dawa ya kitambi," na Lopeti, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege mwenye mabega kama mlango, alibaki akicheka tu.

Sasa sikilizeni jinsi raha hiyo ilivyoingiwa na doa.

Mwaka ule watafiti wa chuo kikuu walikuja kwenye ukumbi wa kanisa. Walitaka kujua kwa nini sukari na moyo vinawaonea sana watu wa visiwa vya Pasifiki, na walikuwa wakisoma vinasaba vya watu hao, ambavyo kwa miaka mingi hakuna aliyejishughulisha navyo. Lopeti alitoa damu pamoja na wenzake wa kikao cha kava, kile kinywaji cha mizizi, wakitaniana kwamba ya fulani itatoka na povu. Baada ya muda akaitwa kliniki peke yake.

Aliyempokea alikuwa nesi Ilaisaane, Mtonga mwenzake, mwanamke mpole aliyemvutia kiti kabla hajaombwa.

"Sukari yako imepanda kidogo, hilo tutaliongea," alisema. "Lakini kuna jingine. Unakumbuka tulikuuliza, tukiona kitu tusichokitafuta, tukwambie au tukiache?"

"Nilisema mniambie. Nilidhani mtaona nina damu ya kifalme."

Ilaisaane alitabasamu, na tabasamu halikukaa. "Kila mtu ana maandishi mwilini aliyorithi kwa baba na mama. Yako yana kosa mahali pamoja. Zamani tusingeliona. Siku hizi maandishi yote yanasomwa kutoka kwenye kichupa kidogo cha damu. Kwa mwanaume kosa hili lina hatari ndogo, ingawa nawe tutakuangalia, na wanao wakikua watapimwa. Kwa mwanamke ni jambo zito. Huleta saratani ya matiti, na mara nyingi huja mapema." Alisema neno lile akitazama meza. "Una dada?"

Lopeti aliinamisha kichwa kukubali. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

"Mama yenu alifariki na nini?"

"Ugonjwa wa ndani."

"Inawezekana ni huo huo. Kama kosa limetoka kwa mama, dada yako anaweza kuwa nalo, nusu kwa nusu. Na akijua mapema kuna mengi ya kufanya, Lopeti. Kuna picha za kila mwaka, kuna upasuaji wa kuzuia, kuna vidonge vipya ambavyo mama zetu hawakuvipata. Watu wanaishi."

"Wewe ni mtu wa kwetu," Lopeti alisema. "Unajua siwezi kulitamka neno hilo mbele ya dada yangu."

"Najua. Mimi mwenyewe nina kaka, hata soksi zangu hajawahi kuziona kwenye kamba. Ndiyo maana nakuomba ruhusa nimpigie mimi. Bila ruhusa yako siwezi, habari hii ni yako."

Hapo, wapenzi wasikilizaji, mlango ulikuwa wazi kabisa. Neno moja lilitosha. Lakini Lopeti aliwaza jinsi dada yake atakavyojua kwamba kaka alikaa chumbani na mwanamke wakizungumzia kifua chake, na aibu ikamshinda.

"Acha," alisema. "Tutalimaliza nyumbani."

Nyumbani alimweleza Temaleti, akiwa amemgeuzia mgongo, akijifanya anatafuta kijiko.

"Mwambie wewe," alimaliza. "Nyinyi ni wanawake."

"Mimi?" Temaleti aliweka chini kisu. "Mimi nimwendee wifi nimwambie habari za kifua chake? Nani kwenye nyumba hii anayempelekea maji ya kunawa? Ni mimi. Siku nikimfundisha wifi mwili wake, ndiyo siku nitakayorudishwa kwa mama yangu."

"Basi nitaona."

"Usione. Mwachie yule nesi, ana mdomo na ana kazi yake. Na hata mimi, ukinishika mkono tukaenda wote, nitajikaza. Ila peke yangu siwezi."

"Nimesema nitaona."

Temaleti akampakulia chakula. Alikuwa mwema, na alikuwa mwoga, kama wengi wetu.

Ilaisaane alipiga simu. Lopeti akaiacha ilie. Akapiga tena wiki nyingine, Lopeti akaiacha. Mara ya tatu aliipokea akiwa kazini, mizigo ikipita mbele yake.

"Kaka Lopeti, umeshamwambia dada?"

"Tayari."

"Alilipokeaje?"

"Vizuri. Anakushukuru."

"Mungu ni mwema," alisema Ilaisaane, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli, kwa kuwa alikuwa akiwaombea. Hakupiga tena.

Tangu siku hiyo Lopeti akaanza kujiongopea mwenyewe. Alijiambia dada ana afya, anabeba magunia ya viazi vikuu peke yake. Alijiambia nusu kwa nusu maana yake huenda hana. Alijiambia ana wavulana tu, jambo hili halimo nyumbani mwake. Kwenye kikao cha kava rafiki yake Feleti alimuuliza, "Damu yako ilisomeka, au waliikuta ni kava tupu?" Lopeti akajibu, "Wamesema mimi ni mzima kuliko ng'ombe," wote wakacheka, naye akainua kifuu chake akanywa. Moyoni alikuwa na hofu ya namna nyingine, kwamba wakijua watamwita mwenye ugonjwa wa wanawake.

Kisha ikaja siku moja ambayo hakuisahau maishani mwake. Temaleti alikuwa na homa, na Kalolaine alitaka kwenda soko la Ōtara kununua mikeka ya harusi. Lopeti akampeleka. Dada alikaa kiti cha nyuma, kama ilivyostahili, mtoto mdogo wa Lopeti akiwa mbele. Walipokaribia soko, pembeni palikuwa na lori jeupe refu, lenye ngazi, na wanawake wamekaa nje kwenye viti wakisubiri zamu. Ni lori linalozunguka kuwapiga wanawake picha za matiti.

Kalolaine alilitazama lori lile dirishani. Mara akasema, taratibu, "Lile lori huwa linakaa mpaka saa ngapi?"

Dada hamuulizi kaka swali kama hilo. Kwa watu hawa ni kama mtu kuvua kitambaa kichwani barabarani. Lakini aliuliza.

"Lori gani?" Lopeti alisema, na lori lilikuwa mbele ya kioo.

"Hilo la wanawake."

"Sijui, dada. Sijaliona." Akanyoosha mkono akawasha redio.

Kalolaine hakuuliza tena. Alinunua mikeka yake, akamnunulia mtoto ndizi za kukaanga, wakarudi.

Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba siku ile tayari alikuwa amegusa kijivimbe upande wa kushoto, kigumu kama mbegu ya papai, na hakuwa amemwambia yeyote. Alimkumbuka mama yake alivyokuwa akijifunga kanga kifuani hata kwenye joto, akaogopa, akataka mtu mmoja tu amwambie nenda. Akamuuliza mdogo wake, yule aliyemlea kwa mikono yake mwenyewe.

Kijivimbe hakikungoja. Wakati wa mkutano mkuu wa kanisa Luseane alikwenda kumsaidia mama yake kuvaa, akamfunga mkeka wa kiunoni ambao Watonga huvaa kwa heshima, na mkono wake ukagusa kitambaa kilichokunjwa ndani ya nguo. Kilikuwa kimelowa.

"Mama, hii ni nini?"

"Kidonda tu. Funga vizuri, tunachelewa."

"Hatuchelewi popote. Kaa."

"Luseane, watu wa kwaya wananisubiri."

"Wataimba bila wewe. Kaa, mama."

Hospitali walimpokea vizuri. Daktari, mwanamke wa kizungu mwenye nywele za mvi, alimshika mkono Kalolaine wakati wote alipokuwa akimweleza kwamba saratani imetoka kifuani, imefika kwenye mifupa. Akamuuliza Luseane kama kuna mtu mwingine wa ukoo aliyewahi kuugua. Luseane akasema hapana, maana ndivyo alivyojua.

Walimpima vinasaba, wakaliona kosa. Wakampa vidonge vile vipya, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye kosa hilo hilo, na kwa muda vilimsaidia. Alirudi kula, akarudi hata kutania wauguzi kwamba chakula chao kinafaa kwa watu waliokwisha kufa. Lakini dawa iliyokuja kuzima moto jikoni haikuweza kulirudisha paa lililokwisha kuungua.

Siku moja nesi Ilaisaane alisikia kwamba Kalolaine amelazwa, akaja kumtazama na maua ya bustani yake. Alimkuta Luseane kwenye ujia akipasha supu.

"Pole, mwanangu. Nilidhani alikuja mapema. Mjomba wako aliniambia alilipokea vizuri."

"Alilipokea nini, shangazi?"

Ilaisaane alitambua kosa lake, akafunika mdomo. Lakini Luseane hakuwa mjinga. Aliiacha supu pale pale.

Lopeti alikuwa akiosha gari alipomwona binti ya dada yake akiingia getini. Alicheka kama kawaida. "Fahu wangu, funguo ziko mezani, ila mafuta hayamo."

"Sikuja kuchukua gari, mjomba. Ulijua?"

Lopeti alizima maji.

"Nakuuliza. Ulijua kabla?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya harusi ile ya mikeka. Luseane, ni dada yangu. Ningetamkaje?"

"Usingemtamkia yeye. Mimi je?" Sauti yake haikupanda. "Mimi naingia hapa nafungua friji yako. Nakuita kitambi mbele ya mchungaji. Kuna neno gani duniani wewe na mimi hatuwezi kusemezana? Ungeniambia, Luseane, mpeleke mama yako hospitali. Usingeeleza hata kwa nini. Ningemsukuma kwa toroli kama hataki."

"Nilikuona mtoto."

"Nashika funguo za benki, mjomba."

Lopeti alikaa chini kwenye maji ya sabuni, mtu mzima na mabega yake. Temaleti alitoka, akasimama kati yao akilia, akasema, "Hata mimi nilijua." Luseane akatoa leso yake akampa mke wa mjomba wake, kisha akaondoka bila kuaga.

Wiki za mwisho Lopeti alikwenda hospitali kila alipotoka kazini, akakaa kwenye ujia, kwa sababu dada alikuwa kitandani na nguo za kulalia na kaka haingii. Muuguzi mmoja kijana aliona hivyo, akavuta pazia kuzunguka kitanda, akaweka kiti upande wa nje, akamwambia, "Hapa utamsikia." Hakuna aliyemtuma.

"Lopeti," Kalolaine alisema nyuma ya pazia. "Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Muongo. Nasikia tumbo lako mpaka huku."

Lopeti alijaribu kucheka, akashindwa. "Dada, nilijua, nikanyamaza."

"Luseane ameniambia."

"Nisamehe."

"Nina hasira na wewe," alisema Kalolaine, bila haraka. "Nilikuuliza siku ile ya lori. Nilijivunjia heshima yangu nikakuuliza, na wewe ukawasha redio." Akapumzika, pumzi zilikuwa chache. "Nimekusamehe, kwa sababu ni wewe. Lakini Luseane sijui kama atakusamehe, na usimlazimishe. Ila mwambie kila mtu wa damu ya mama. Kwa mdomo wako. Na ulitaje lilivyo, usiwaambie ni ugonjwa wa ndani."

"Nitawaambia."

"Sasa nenda ukale."

Alifariki kabla ya Jumapili.

Kwenye mazishi ya dada, kaka na ukoo wake hukaa nyuma kwenye moshi, wakipika, wamevaa mikeka chakavu inayowafunika karibu mwili mzima, na mtoto wa dada ndiye hukaa mbele karibu na maiti, akiletewa kila kitu. Luseane alikaa mbele. Lopeti alikuwa nyuma ya nyumba kwenye tanuri la mawe pamoja na binamu zake, wake kwa waume, ambao kwa Watonga nao ni dada na kaka, wengine wamefika kutoka Sydney na Vavaʻu. Uso wake ulikuwa na majivu.

Walipokaa kupumzika alisimama. "Dada yangu amekufa na kansa ya titi," alisema.

Watu wakainamisha vichwa. Kijana mmoja akacheka kwa aibu. Binamu mmoja wa kiume akasema, "Lopeti, dada zetu wako hapa," akainuka akaondoka.

"Na mama alikufa nayo hiyo hiyo," Lopeti aliendelea. "Imo katika damu yetu, wanaume tunayo, tunaipitisha. Mimi niliambiwa mapema. Nilimdanganya nesi kwamba nimesema. Mkapimwe. Msipoweza kwenda wenyewe, nesi Ilaisaane yuko pale kwenye hema, mumpe majina."

Mawe yalilia motoni. Ndipo mwanamke mmoja mzee wa upande wa mama, Vika, aliyekuwa akimenya magimbi, akasema bila kuinua kichwa, "Dada yangu mdogo naye alijifunga kanga kifuani. Rudia, mwanangu. Wengine walikuwa wakipakua, hawakusikia."

Lopeti akarudia.

Wengi wa ukoo ule wamepimwa tangu siku hiyo. Wanawake wanne walikutwa na kosa, na mmoja aliwahiwa ugonjwa ungali mdogo. Luseane naye analo. Anapigwa picha kila mwaka, na anafikiria upasuaji, ingawa hajapata mtoto na angependa kunyonyesha. Ni mzima. Lakini hajarudi kuchukua funguo za gari la mjomba wake. Jumapili Temaleti bado anapika lu, na Lopeti siku hizi anakula sebuleni, kwa kuwa hakuna tena dada wa kumpisha.

MAFUNZO

Sayansi imefika mbali. Leo damu ya mtu mmoja inaweza kuwaonya ndugu zake wote kabla ugonjwa haujaamka. Lakini sayansi haina mdomo wa kufika nyumbani kwenu. Ikishamwambia mmoja wenu, iliyobaki ni kazi yenu.

Msiilaumu mila ya Watonga, wala msizitupe zenu. Mila ile ilimpa Lopeti mpwa wa kusema naye neno lolote, ikampa mke aliyekuwa tayari kushikwa mkono. Nesi naye aliomba kusema badala yake. Lopeti ndiye aliyechukua heshima akaifanya pazia la kufichia woga wake. Chunguzeni basi, mnaponyamaza kwa ajili ya mtu, kama kweli mnamstahi yeye au mnajistahi wenyewe.

Ulizeni wazee wenu walikufa na nini, na msikubali kujibiwa ugonjwa wa ndani. Ukipewa habari ya ugonjwa wa ukoo, ifikishe siku hiyo hiyo. Ukishindwa kuitamka, mtafute anayeweza, na usiseme "tayari" kabla hujaona kwa macho yako kwamba aliyepaswa kujua amejua.

Na mtu wako akikuuliza swali ambalo hakuwahi kukuuliza, zima redio umjibu.